Makofi Niliyoyahesabu

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu Elia, na leo kumbukumbu hiyo hainiachi nikae. Tangu asubuhi nimeinuka kwenye kiti sijui mara ngapi. Nakwenda hadi uzioni, narudi, mpaka mama yako ananiuliza nimepoteza nini. Leo sijapoteza kitu. Nilipoteza zamani, na wewe naona unataka kupoteza kilekile.

Nimesikia hamsemezani na Baraka. Meza moja ya vifaa vya simu pale sokoni Kashaulili, turubai moja mnafunika jioni, lakini tangu Jumapili kila mtu kampa mwenzake mgongo. Na sababu? Chama kinatafuta mtu wa kugombea urais, wewe una mtu wako, Baraka ana wake, na simu yako imekuambia wako anaongoza. Anaongoza nini, baba, na kura ya maoni yenyewe haijapigwa? Waliotia nia hata fomu hawajarudisha! Kutangulia si kufika, wahenga walishatuonya, ila wahenga hawakuwa na bando.

Usinikasirikie. Nakutania kwa sababu nami nilikuwa hivyohivyo, tena mbaya zaidi.

Enzi hizo Katavi haijawa mkoa, Mpanda bado tuko Rukwa. Chama kilikuwa kinatafuta mgombea kama sasa, na watia nia walikuwa wengi. Nilimpenda mmoja, nikaungana na watu waliozunguka kumtafutia wadhamini, yaani wanachama wa kutia saini kwamba huyu aombe. Mimi nilitangulizwa vijijini kupima upepo. Nikapewa daftari, nikavimba kichwa.

Nikadandia lori hadi Mamba, kule Mpimbwe. Sisi Wasukuma, unajua mwenyewe, makofi kwetu ni ya kushangilia. Mtu akicheza ngoma vizuri tunampigia. Basi nilipoingia uwanja wa kanisa nikajitambulisha na kumtaja mtu wangu, wazee na kina mama wakainama kidogo, wakapiga makofi, taratibu, wote kwa pamoja. Moyo ukanijaa. Sikumuuliza hata mmoja anamtaka nani. Nikaandika: "Mamba, wote wetu." Kijiji cha pili, makofi. Cha tatu, makofi. Daftari likajaa ushindi.

Sasa nirudi mjini! Nilipita sokoni Kashaulili kifua mbele, nikiwaambia wauza mchele kwamba mbio zimekwisha. Hapo ndipo nilipokutana na Gaudensi.

Hujawahi kunisikia nikimtaja Gaudensi, na ujue ni kwa aibu. Alizaliwa hukohuko Mamba, akaletwa mjini mdogo kwa ajili ya shule, akakaa kwa shangazi yake Misunkumilo, ukuta kwa ukuta na sisi. Tulipata kipaimara siku moja, tulilima jaruba moja la mpunga. Wakati huo alikuwa amebakiza wiki mbili afunge ndoa, na msimamizi wake nilikuwa mimi. Ila katika siasa, yeye alikuwa amemdhamini mtu mwingine.

"Kwetu huko wote wenu?" akaniuliza. "Uliwauliza?"

"Nimesikia kwa masikio haya."

"Nyie mnasikia mnachokitaka, Maganga," akasema, akacheka.

Hakucheka kwa ubaya. Lakini nilikuwa nimelewa kuongoza, na watu walikuwa wanatutazama. Nikamjibu kwa sauti: "Mimi sisimami na watu wa kushindwa, hata kanisani."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mara mbili alinitumia mtu aniulize kama nilimaanisha, na mara mbili nikasema ndiyo. Jumamosi ya harusi nilibaki ndani, nasikia vigelegele kwa shangazi yake. Binamu yake ndiye aliyesimama mahali pangu, na suti ya kuazima.

Haukupita muda redio ikasoma majina yaliyorudi kutoka vikao vya Dodoma. Mtu wangu hakuwemo. Jina lilikuwa limekatwa mapema kabisa, na kule Mamba, nikaambiwa, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Nikapanda lori na hasira zangu mpaka kwa Mzee Bonifasi, katekista, baba yake Gaudensi. Aliponiona akainama kidogo, akapiga makofi.

"Hayohayo, mzee!" nikamwambia. "Mbona mlinipigia makofi na mtu wangu hamkumtaka?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi la kweli.

"Mwanangu, tulikuwa tunakusalimia. Sisi mgeni tunamsalimia hivi. Na waliokuja baada yako na mtu wao tuliwapigia. Hata nesi wa chanjo tunampigia. Wewe ulikuja na jibu, swali ukaliacha Mpanda." Kisha akasema polepole, "Ila sisi tulikuomba jambo moja tu, uje harusini. Hukuja."

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu. Nilirudi mjini, nikaenda Ilembo alikohamia Gaudensi na mkewe, nikasimama mlangoni nikasema nimekosa. Maisha yetu yote salamu yetu ilikuwa kugongana viganja. Siku ile aliinama kidogo, akapiga makofi, taratibu. Akanipa kiti, akanipa maji, tukazungumza habari za mvua, nikaaga.

Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinisalimia tu. Nimeogopa kumuuliza. Miaka yote hii tukikutana sokoni ananipigia makofi, nami naitikia, naondoka.

Basi sikia, mwanangu. Siasa ifuate, mpende umpendaye, hiyo ni haki yako. Lakini usimhesabu mtu kabla hujamuuliza, na usimtupe aliye karibu kwa ajili ya aliye mbali. Yule anayeongoza na yule anayemfuata, wote hawajui kama kuna Elia duniani. Baraka anajua. Ulipolazwa kwa malaria ni yeye aliyefungua meza kila siku, akakuletea uji wodini. Nenda kwake leo hii. Usimtumie ujumbe, atakurudishia kidole gumba, nawe utabaki kama mimi, hujui ni msamaha au ni salamu. Mwambie umekosa, muulize kama amekusamehe, kisha usiondoke mpaka amekujibu kwa mdomo wake.

Nami nimeshavaa viatu. Ilembo si mbali, na swali langu limechelewa vya kutosha.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi na masikio yanayongoja jibu. Akujalie uzeeke na rafiki wa kukugongea kiganja. Na uniombee baba yako, nikifika pale mlangoni, Gaudensi asinipigie makofi.