Jina la Pili la Wesley

Mwaka wa 1996, utafiti wa malaria kali ulipofika kituo cha afya kimoja karibu na Ndhiwa, Nyasuguta alijua kazi ya muuguzi wa utafiti ni yake. Si alikuwa ameuguza watu pale miaka kumi na minane? Watafiti wakamchukua Metrine, msichana aliyetoka chuoni juzi tu, wakampa saa yenye mshale wa sekunde na bahasha zilizofungwa. Mtoto akiletwa mahututi, hufunguliwa bahasha inayofuata. Hiyo ndiyo husema atapewa kwinini au dawa mpya. Nyasuguta akabaki na beseni lake, na ile saa ikimeremeta tu mkononi mwa Metrine, roho inamuuma.

Asubuhi moja nyanya mmoja, dani kama waitwavyo huku, aliingia na mjukuu aliyelegea kama kitambaa kibichi. Metrine akauliza jina, akaambiwa Omolo. Akapekua kadi zote, hakuna Omolo, basi huyu hajapewa dawa yoyote. Bahasha ikasema kwinini, na dozi ya kwanza huwa kubwa.

Lakini Nyasuguta alimjua mtoto. Jana yake yeye mwenyewe alimdunga kwinini, akaandika kwenye kadi: Wesley. Dozi kubwa juu ya ile ingeweza kusimamisha moyo.

Akainamia beseni lake. Daktari wa utafiti alikuwa njiani kutoka Homa Bay. Angekuta kosa, na Metrine angevuliwa ile saa. Metrine alikwisha kumfunga mtoto mpira mkononi, anatafuta mshipa. Mtoto akakohoa kidogo.

"Sista, wacha," Nyasuguta alisema. "Huyo nilimdunga jana. Ni Wesley."

"Dani amesema Omolo."

"Ni Omolo pia. Huku mtoto mgonjwa akilia sana, hutajiwa majina ya marehemu mpaka anyamaze kwa moja, na hilo huwa jina lake. Kadi haiwezi kukwambia hayo. Muulize dani."

Nyanya akaitikia kwa kichwa, akishangaa kwamba kuna mtu hakujua.

Metrine akafungua mpira. Mtoto akapewa dozi ndogo, na kufikia saa nane alikuwa anadai uji. Daktari alipofika aliongeza swali kwenye fomu, mtoto ana jina jingine?, akampongeza Metrine kwa uangalifu. Metrine alisema aliyegundua ni Nyasuguta. Daktari akasema vizuri, vizuri, huku akifunga mkoba.

Alipokwenda kunawa, Metrine alivua saa, akamwachia Nyasuguta. Nyasuguta akaivaa. Akahesabu mapigo ya mtoto dakika nzima, kisha dakika nyingine ambayo hakuna aliyemwomba.