Alizeti za Mwezi wa Kumi

Sisi madereva wa serikali hatuwashi gari kabla ya kujaza kitabu cha safari: unakwenda wapi, kufanya nini, kisha bosi anatia saini. Mwezi wa kumi, wakati wa kampeni, bosi wangu wa wilaya alipanda gari akiwa amevaa kofia ya chama. "Mzee, twende Iguguno."

Nikamuuliza niandike kazi gani.

"Andika kukagua alizeti. Saini nitatia tukirudi."

Mimi ni mtoto wa mkulima wa Mkalama. Mwezi wa kumi alizeti zilishavunwa na kukamuliwa zamani, shambani limebaki vumbi na mbuzi. Lakini nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu, na kufukuzwa nikiwa mlangoni mwa pensheni sikutaka. Mwenye nguvu mpishe. Nikaandika, nikawasha gari bila saini, mjinga mimi.

Iguguno bosi alipanda jukwaani akamwombea mgombea kura mpaka sauti ikamkauka. Alizeti hakuzitaja hata kwa bahati mbaya. Tuliporudi, saini hakutia. Picha zikasambaa kwenye simu, gari likionekana na namba zake, tukaitwa kujieleza mbele ya kamati ya nidhamu.

"Pale nilikuwa mwananchi wa kawaida," bosi akasema, mpole kama bwana harusi. "Siasa haimo katika majukumu yangu."

Wakamuuliza, na gari je?

"Gari lilikwenda kukagua alizeti. Someni kitabu."

Kumbe mwananchi wa kawaida alipewa lifti tu, na mkaguzi wa alizeti nilikuwa mimi. Mjumbe mmoja, naye mzaliwa wa huku huku, akanitazama kwa huruma. "Shikamoo mzee. Alizeti gani mwezi wa kumi?" Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Marehemu baba angenikana.

Kamati ikaamua: bosi hana kosa, maana hakuwa kazini. Dereva ana kosa, maana alikuwa kazini. Nikaandikiwa barua ya onyo, nikirudia nafukuzwa. Nakala ilitakiwa ifike mkoani siku hiyohiyo, na dereva wa zamu nilikuwa mimi.

Nikafungua kitabu. Penye madhumuni ya safari nikaandika: kupeleka barua ya onyo ya dereva. Nikampelekea bosi na kalamu.

Safari hiyo alisaini palepale, kabla sijawasha gari.