Mizizi Miwili ya Mama Habiba

Mtaa mzima wa Kampemba ulijua kwamba harusi bila Mama Habiba ni nusu harusi. Akina mama wenye binti wa kuoza walimwalika mapema, hata kabla ya kumtafuta mpishi, kwa sababu ya vigelegele vyake. Alikuwa mshonaji, mjane mwenye asili ya Maniema, na alijipenda, tena sana. Kasoro yake ilikuwa meno ya chini. Yalioza na kung'oka moja moja, mpaka ikabaki mizizi miwili myeusi.

Miaka ile ya themanini, habari zikaja kwamba watu wa Kolwezi wanakuja kumposa binti yake, Adija. Habiba akajitazama kwenye kioo na kuona haya. Akaenda mjini kwa daktari wa meno, Docteur André, kuomba meno ya bandia.

"Maman, hii mizizi mbili tuiache," daktari alisema. "Nitaikata mufupi, meno ya mupya itakaa juu yake. Ni yeye inakamata mufupa. Tukiitosha, tukiing'oa, mufupa itaisha pole pole, na ufizi itashuka."

"Docteur, iko nyeusi! Bakwe bataiona."

"Itafunikwa, Maman. Hakuna muntu ataiona."

"Miye nitajua kama iko. Tosha yote!"

Daktari akamweleza pia kwamba huko Ulaya wameanza kupandikiza meno kwa skrubu ndani ya taya, na huenda siku moja yakafika huku, lakini hata hayo hayashiki pasipo mfupa. Habiba hakutaka kusikia habari za mfupa. Aking'ang'ania jambo, ameng'ang'ania. Mizizi ikang'olewa.

Siku ya posa alicheka mbele ya wakwe mpaka mashavu yakamuuma. Lakini bwana harusi alikuwa anangoja kupewa nyumba na kampuni yake, na kungoja kule kukala miaka miwili. Meno yaliyokaa vizuri yakaanza kucheza. Habiba akarudi kwa daktari. Docteur André akapitisha kidole juu ya ufizi uliokonda kama kipande cha sabuni cha mwisho, akarekebisha alichoweza, na hakumkumbusha neno lolote. Afadhali angemgombeza.

Siku moja kabla ya harusi, Habiba alijaribu kigelegele jikoni, peke yake. Meno yakaruka, yakaangukia kwenye unga. Alikaa chini akiyapangusa kwa kitenge.

Kesho yake Adija alipotolewa nje, amepambwa, watu wote walimgeukia mama yake. Habiba akabana midomo. Watu wakangoja. Mwishowe mama wa bwana harusi akapiga yeye, kigelegele chembamba cha kusitasita, na minong'ono ikaanza: kumbe mama hamtaki mkwe wake! Adija akapita mbele ya mama yake ameinamisha kichwa. Habiba alitamani ardhi ipasuke immeze.

Saa ya kuondoka, Adija alimfuata chumbani.

"Mama, hii bwana yangu haumupende? Batoto ya bengine bote unabapigiaka vigelegele. Miye, mutoto yako, hapana?"

Habiba akafunga mlango. Akatia vidole mdomoni, akatoa meno, akayashika kiganjani. Hakuna mtu aliyewahi kumwona hivyo isipokuwa daktari.

"Angalia," alisema, na hata neno hilo lilitoka limelegea. "Docteur alinikataza kutosha mizizi. Nilikuwa na haya ya bakwe zako."

Nje gari lilikuwa linapiga honi.

"Piga sasa, Mama," Adija alisema. "Paka miye, miye peke yangu, nitasikia."

Habiba alijifunika mdomo kwa kitenge, kisha akakishusha. Akavuta pumzi, akapiga. Pasipo meno wala mizizi ya kuuegemeza ulimi, ilitoka hewa tu, na mate yakamrukia Adija shavuni, juu ya poda ya harusi.

Adija hakuyafuta.