Mikono ya Kiponda

Televisheni ilipoingia majumbani mwetu ilitufunza kuitazama aibu ya mtu huku tunakunywa chai. Sisemi hivi kwa kuwa nimezeeka. Nilikuwa nikisema hivi hata nilipokuwa na meno yote. Zamani mwanamke akipatwa na jambo, mtaa mzima uliinamisha macho. Hiyo ndiyo iliyokuwa sitara. Sasa kila kitu sharti kioneshwe, na kikishaoneshwa kirudiwe baada ya tangazo la sabuni. Lakini leo sitaki kulalamika tu. Nataka kumwandika jirani yangu Bi Mize, aliyeishinda televisheni kwa bakuli la hina.

Bi Mize alikuwa mpambaji wa maharusi hapa Kiponda. Mwanamke mnene, mcheshi, kicheko chake kilifika barazani kabla ya salamu yake. Alichora kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo maua yake yalipinda upande ambao ya wenzake hayakupinda. Tawi la asumini lilianzia kwenye kifundo cha mkono likapanda mpaka kidole cha shahada, na jani moja aliliacha wazi, hakulijaza. Wapambaji wa leo wanabandika karatasi zenye matundu, wanapaka piko, ile rangi nyeusi, juu yake, na maharusi wote wanatoka sawasawa kama mifuko ya duka moja. Wakati ule mpambaji alijulikana kwa hina yake kama karani kwa mwandiko wake.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Taarifa ya habari tuliitazama kwa Bi Mize: wanawake ukumbini, sisi wanaume barazani tukichungulia dirishani na vikombe vya kahawa mkononi.

Jioni moja Samir, kijana wa mjini aliyepata kazi kwenye kituo kimoja cha bara, alitangaza kwamba msichana wa Mji Mkongwe amebakwa na mwanamume mmoja amefikishwa mahakamani. "Jina na sura ya msichana tunavihifadhi," akasema kwa sauti nzito. Na kweli, uso hawakuuonesha. Walimkalisha gizani, wakaielekeza kamera kwenye mikono yake, ikaganda hapo hapo, ikitazama vidole vikisokota ncha ya mtandio, na zumari ya huzuni ikilia nyuma. Bila shaka walijiona wana adabu. Kumbe mikono yenyewe ina hina.

"Hee! Kazi yangu hiyo!" Bi Mize akaruka kitini. "Jani langu lile, halikujazwa! Mnaliona?"

Alifurahi kama mama aliyemwona mwanawe akipewa zawadi shuleni. Kisha kicheko kikamfia kinywani. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama yeye.

"Kumbe umempaka wewe," akasema Mashavu, muuza vitumbua, ambaye habari zake hazikuhitaji umeme. "Nani basi, Bi Mize?"

Harusi mwezi ule hazikuwapo. Bi Mize alikuwa amempaka mtu mmoja tu, tena kwa mapenzi: Nassra, msichana wa Kizimkazi aliyekaa kwa shangazi yake kwenye vyumba vya nyuma vya nyumba hiyo hiyo akijifunza ushoni. (Nassra si jina lake. Mtaa si lazima uwe Kiponda, na ua la hina nalo nimelibadilisha.) Baba yake alishasema: jina likitoka tu, anamrudisha shamba, na ushoni basi.

"Nimepaka wengi," akajibu Bi Mize.

"Wengi wepi? Mie mbona hukunipaka?"

"Kwa sababu hukuja. Nna nadhiri, nnapaka watu bure. Njoo kesho asubuhi na binti zako."

"Nadhiri ya nini?"

"Kwani nadhiri hutangazwa? Mche Mungu, Mashavu!"

Barazani sote tuliangalia ndani ya vikombe. Nadhiri haikuwapo. Uongo ulikuwa umeshatoka, na ilibidi ugeuke kweli kabla Mashavu hajamaliza kufikiri.

Asubuhi foleni ilitoka ukumbini ikafika njiani. Mashavu alipakwa wa kwanza, mikono yote miwili. Kila mtu alipata tawi lile lile na jani lile lile la wazi.

"Mie nataka maua ya Kihindi," akasema binti mmoja.

"Nenda India. Hapa nadhiri ni asumini."

Mjini walipokwisha, alibeba bakuli lake mpaka sokoni Mwanakwerekwe akawapaka wauza mboga. Akasikia kuna maulidi Kiembe Samaki, akaenda bila ya kualikwa. Bega la kushoto likavimba, akawa anacheka huku amelishika.

Hina ya watu ilipokolea, Mashavu akaenda Darajani kununua unga. Sichana, muuza kuku, akaiona mikono yake, akaishika, machozi yakamlenga.

"Pole, shoga yangu. Tulikuona kwenye televisheni."

"Si mie!"

"Najua, mwenzangu. Utasemaje? Chukua kuku huyu ukanywe supu."

Mashavu alirudi mbio, buibui limemwangukia mabegani. "Bi Mize! Umenifanya nini? Soko zima linanipa pole!"

"Walikuuliza ulivaa nini? Ulikuwa unakwenda wapi peke yako?"

"Mmoja kaniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Mashavu akakaa mkekani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na habari asiyotaka kuisema.

"Na kuku je?" akauliza Bi Mize.

"Nimemchukua."

Ukumbi ukavunjika mbavu, na Mashavu mwenyewe akacheka mwisho. Tangu hapo, mtu akimuuliza ni nani yule wa kwenye televisheni, alijibu: "Mimi. Unataka nini?" Wenzake wakalipenda jibu, wakaliiga. Mtaa mmoja, na kila mwanamke ndiye.

Haukupita muda Samir akaja na mpiga picha wake, anataka mwendelezo wa habari. Bi Mize alimzuia mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Unamtaka nani?"

"Yule msichana. Dakika mbili tu, na uso hatuoneshi."

"Piga mikono yangu." Akainyoosha. Nyuma yake ikatokeza ya Mashavu, ya binti zake, ya wanawake waliokuwa foleni. Mpiga picha akaishusha kamera.

"Hebu niambie, Samir. Yule mwanamume, mikono yake mlipiga?"

"Hapana, Bi. Tulilionesha jengo la mahakama tu. Kesi bado, sheria inamlinda."

"Ahaa. Yeye kapata jengo, mtoto kapata zumari."

Samir akakunja waya wa maikrofoni yake. Alikuwa kijana mzuri. Ile kazi ndiyo mbaya. Aliondoka, na zumari ile sikuisikia tena, ingawa wakubwa zake walitafuta mikono ya mitaa mingine, na hadi leo wanaitafuta.

Ijumaa baba yake Nassra akaja kutoka Kizimkazi, na mkoba mtupu wa kutilia nguo za binti yake. Hakwenda moja kwa moja kwa shangazi. Alizunguka kwanza, kama anavyofanya mtu anayeogopa jibu. Akasimama mbele ya karai la vitumbua, asijue ni la nani.

"Eti, mwanangu," akanong'ona, "kuna habari nimeisikia. Ya msichana wa hapa. Anajulikana ni nani?"

Mashavu akageuza kitumbua, hina imemkolea mpaka kwenye kucha.

"Anajulikana, mzee. Ni mimi. Unataka nini?"

Mzee akaitazama mikono ile. Akaitazama ya mteja aliyesimama pembeni, na ya mama aliyepita na kapu. Akaja barazani kwetu, tukampisha, akanywa kahawa vikombe viwili, kisha akaomba kuelekezwa duka la vitambaa. Alipoingia kwa shangazi mkoba ulikuwa umejaa vitambaa vya doria na nyuzi, na alipotoka ulikuwa mtupu tena.

Alirudi Kizimkazi peke yake. Kabla ya magharibi tukaisikia cherehani kule vyumba vya nyuma.