Ng'ombe Katika Mahindi ya Irakoze

Mwaka ule, vita vikipanda na kushuka milimani juu ya Uvira, Libérate, mjane wa mwalimu Sylvestre, hakuacha kufundisha. Kila Jumatano na Jumamosi wanafunzi wa sekondari walijaa sebuleni mwake kujifunza kuandika programu. Kompyuta zilikuwa tatu, na kanuni moja: kila mmoja atunge mchezo wake, na anayeukosoa mchezo wa mwenzake aketi aurekebishe.

Jumatano moja Irakoze, kijana wa Runingu kule bondeni, alionyesha wake. Ng'ombe waliingia shamba la mahindi, mchezaji akawarushia mawe. Kila ng'ombe aliyeanguka alileta pointi kumi. Darasa likacheka. Abigaïl, ambaye baba yake alishuka kutoka Mulenge, nchi ya wafugaji mlimani, bila hata ndama mmoja, alifunga daftari, akatoka bila kuaga.

"Ni mchezo tu, Madame," Irakoze alisema. "Na mahindi ya mama yaliliwa kweli."

"Najua yaliliwa. Kaa."

Libérate alijua maneno yatakayofika sokoni kabla yake: kwa Sylvestre wamefukuza mtoto wa mlimani. Miaka thelathini mumewe aliwakalisha watoto wa bondeni na wa mlimani benchi moja. Jina hilo jema la Sylvestre ndilo urithi pekee ambao wenye bunduki hawakuweza kuubeba. Alivaa kitenge kilichopigwa pasi, akaenda kwa Kankindi, shangazi yake Abigaïl.

Kankindi alikuwa akichambua maharagwe. "Karibu, Mama Libérate. Kama ni habari ya mutoto, harudi. Hata mu mashini banapiga ng'ombe zetu mawe?"

"Sikuja kumbembeleza. Nimekuja kumdai kazi yake. Kutoka vile ni kukosoa, na kanuni anaijua."

"Nirekebishe nini?" Abigaïl aliuliza kutoka mlangoni. "Yule hata ng'ombe haijui. Ukiirushia jiwe, inakimbilia ndani ya shamba."

"Basi njoo uiandike hivyo."

Kankindi alicheka kidogo. "Weye mama, iko kichwa ngumu."

"Jumamosi, saa tatu. Asichelewe."

Abigaïl alikuja. Hakumsalimu Irakoze; alivuta kiti, akafuta mstari wa pointi kumi, akaandika amri mpya: ng'ombe akipigwa jiwe, atimue mbio ndani ya mahindi. Ilimchukua asubuhi nzima, maana mara mbili ng'ombe alitembea kinyumenyume.

"Ng'ombe ya Mulenge njo inatembea hivyo?" Irakoze alimtania.

"Ngojea."

Irakoze alipocheza, alirusha jiwe kwa mazoea. Mstari mzima wa mahindi ukalala. Akarusha tena; shamba likaisha. Alirudia mara tatu, akashindwa mara tatu, jasho likimtoka puani.

"Sasa namtoa namna gani?"

"Acha jiwe. Muzungukie nyuma. Polepole, weye."

Libérate aliandika ubaoni majina mawili juu ya mchezo mmoja, Irakoze na Abigaïl, kisha akawageukia wengine na kuwauliza nani anafuata.