Jiwe la Uani Kayanga

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikichagua kitenge katika duka moja mjini Kayanga, akaingia bibi mmoja kutoka Nyakatuntu, viatu amevishika mkononi. Mwenye duka, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, alimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naomba unipitishe uani. Nilizaliwa hapo."

Tulimfuata. Uani fundi alikuwa akipima msingi wa vyumba vya wageni. Bibi alifumba macho, akatembea taratibu kati ya mifuko ya saruji, mkono mmoja mbele. "Hapa mlango. Hapa migomba. Hapa mama alikuwa akisaga ulezi kabla hakujakucha." Aliinama, akapapasa chini, mkono ukatua juu ya jiwe pana lililobonyea katikati. Akapiga magoti, akaanza kusukuma viganja mbele na nyuma, kama anayesaga, huku akiimba kwa sauti ya chini.

Mwenye duka alivua kofia. "Bibi, mimi hutawadha juu ya jiwe hili kila alfajiri. Marehemu baba naye alitawadha hapa. Hatukujua ni la nani."

Bibi alifumbua macho, yamejaa machozi, akatabasamu. "Basi mama hakukosa wa kuamka naye."

Mwenye duka alimgeukia fundi. "Sogeza msingi wako. Jiwe linabaki."

Nilitoka bila kitenge. Nilipita kati ya bodaboda na vibanda vya simu nikikanyaga polepole, kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu bila kupiga hodi.