Njia ya Zege ya Mzee Kasimiri

Mzee Kasimiri ni jirani yangu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akifanya jambo la kijinga mpaka Desemba iliyopita. Nilikuwepo alipolifanya. Tena nilimsaidia kwa mikono yangu hii ya mwalimu mstaafu, na ulanzi wake, pombe ya mianzi, nikanywa. Kwa hiyo anayetaka kumcheka aanze na mimi.

Nyumba yake iko juu kilimani hapa Kifanya. Kutoka barabara ya kijiji mpaka mlangoni kwake ni hatua mia moja na ishirini, zote za kupanda. Mwaka tisini na sita, alipokuwa seremala wa misheni na ana pikapu yake ya kubebea mbao, alimwaga zege kwenye mpando huo, mikanda miwili, kila mmoja upana wa kupita tairi. Mvua inyeshe isinyeshe, pikapu ilipanda mpaka kwenye ngazi. Kitongoji kizima tulimwonea wivu, na sioni kwa nini nifiche. Pikapu iliuzwa zamani, zege likabaki, na zege nalo huzeeka. Mizizi ya mkaratusi ililiinua upande mmoja, maji yakalichimba upande wa pili, mwishowe ikawa vipande vilivyopishana kama meno ya mzee.

Hakuna aliyejali, maana hakuna gari lililokuwa likipanda tena. Hadi mwezi wa tano mwaka jana, mkewe Dorosela alipoteleza jikoni akavunjika nyonga. Mkwe wao Dionis alikuja na gari kumchukua. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nimemshikilia. Kila tairi liliposhuka kwenye kipande kilichovunjika, mama yule alilia, na mumewe alikuwa anatembea pembeni ya gari, mkono kwenye kioo, anasikia kila kilio. Tulipofika chini uso wake ulikuwa umelowa jasho, na mwezi wa tano huku kwetu si mwezi wa kutoa jasho. Nadhani ndipo alipoapa kuitengeneza njia ile.

Dorosela alifanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa Makambako kwa binti yao Lightness, mke wa Dionis, ambako ni tambarare na kliniki ya mazoezi haiko mbali. Ilikuwa akae miezi miwili. Ikawa mitano. Mwezi wa kumi daktari akasema anaweza kurudi kwake kwa sharti moja, asitikiswe njiani. Mfupa wa mtu wa miaka sabini na mbili ukiachia mara ya pili, haushiki tena.

Kurudi ndilo lilikuwa ombi lake pekee. Watoto wa siku hizi hawalielewi hili, lakini kwa desturi zetu mama mkwe na mkwe hupishana mbali. Wao walikuwa wanapishana kwenye ukumbi mmoja mwembamba, asubuhi na jioni, mama akiwa ameshikwa kwapani na binti yake, amevaa kanga ya kulalia. Dionis ni kijana mwema, alikuwa anageukia ukutani. Dorosela aliniambia kwenye simu, "Mwalimu, hapa nakula kwa aibu, naoga kwa aibu. Mwambie baba Lightness anitoe."

Lightness, ambaye hana subira lakini ana akili, akapendekeza njia fupi. Jua bado lilikuwa kali. Angetuma mafundi kutoka Makambako, wavunje zege bovu, wamwage jipya, wiki mbili kazi imekwisha na likishashika mama anapanda kwake. Mzee akakataa.

"Kazi ya nyumbani kwangu haifanywi na watu nisiowajua majina," alisema. "Zege lile lilimwagwa na mgowe. Litaondolewa na mgowe."

Mgowe ni kuitana. Mwenye kazi anaandaa pombe, majirani wanakuja na majembe yao, kazi inakwisha siku moja, na kesho ukiitwa nawe unakwenda. Huwezi kuita mgowe kwa soda. Kiangazi watu hunywa komoni, pombe ya nafaka, na komoni ya nyumba ile alikuwa anapika Dorosela, akasifiwa mpaka vijiji vya jirani. Sasa mpishi yuko Makambako amelala. Kununua pombe ya mgowe kwa mwanamke mwingine ni kutangaza kwamba nyumba yako haina mke, na Kasimiri hakuwa tayari kutangaza hilo. Akaamua kungoja ulanzi wa mianzi yake mwenyewe, iliyoko bondeni nyuma ya nyumba.

Mianzi haitoi kiangazi. Inagemwa mvua zikianza. Kila mtu wa huku anajua, kama anavyojua kwamba zege bichi halitaki mvua. Ila mambo haya mawili yalikaa vyumba viwili tofauti vya kichwa chake. Mimi kichwani mwangu yalikutana. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, natoka jumuiya, nikasimama njiani peke yangu nikasema, huyu mzee atavunja njia yake masika. Kisha nikanyamaza. Utamwambiaje mwanaume mwenye mke mgonjwa kwamba mgowe wake umekosea msimu? Nikajipa moyo kwamba labda mvua zitachelewa. Na ukweli mwingine ni kwamba ulanzi wa Kasimiri ni mtamu sana, na nilikuwa na mwaka mzima sijauonja.

Mgowe ukaitwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Mvua za mwanzo zilikuwa zimenyesha kidogo, zikakata siku sita, jua likawaka, watu wakasema Mungu yuko upande wa mzee. Tulikuja ishirini na watatu, na nyundo, mitarimbo na sururu. Kuvunja kitu kibovu ni raha, nani asiyejua. Wanaume walishindana. Akina mama walibeba vipande, mimi nikasukuma toroli. Vipande tulivimwaga kwenye korongo la barabara ya kijiji, mwenyekiti akatushukuru. Saa tisa alasiri hakukuwa na jiwe hata moja lililobaki. Tulifagia. Nasema kweli, tulifagia, ili fundi akija Jumatatu akute pasafi. Mpando ulikuwa mwekundu, laini, unang'aa.

Kasimiri alimpigia mkewe simu mbele yetu. "Mama Lightness, limetoka lote. Krismasi utakula hapa." Tulipiga makofi. Alikuwa amesimama katikati ya udongo ule mtupu, ameshika kikombe, na sijapata kumwona na furaha kiasi kile.

Mvua ikaanza Jumapili wakati wa misa ya pili.

Elieza, fundi wa zege kutoka Njombe mjini ambaye mzee alimjua tangu enzi za misheni, alifika Jumatatu kama alivyoahidi. Aliacha pikipiki chini, akapanda hatua kumi hivi, akarudi hatua tatu bila kupenda, akasimama. "Mzee, zege halimwagwi kwenye uji," alisema. "Na tipa la mchanga halitafika hapa. Tungoje."

"Mpaka lini?"

"Mwezi wa tano."

Mzee alicheka, akidhani fundi anatania. Elieza akanitazama mimi, nikatazama viatu vyangu.

Hayo mengine ni ya mtu anayepigana na mvua kwa mikono. Aliagiza moramu, ikamwagwa chini barabarani, tukaibeba kwa ndoo mpaka juu. Usiku mmoja tu ikarudi chini yote. Akakusanya mabanzi kwenye viwanda vya mbao, akayalaza kwa kupitisha, kama ngazi, kuanzia barabarani mpaka mlangoni. Ilimchukua siku kumi na moja. Dionis akaja kujaribu na gari tupu. Lilifika nusu, mabanzi yakachomoka chini ya tairi, gari likateleza kiubavu mpaka kwenye mkaratusi. Dionis alitoka akatazama kiti cha nyuma. "Baba, kama mama angekuwemo," alisema, na hakumaliza. Saruji mifuko arobaini iliyokuwa imewekwa sebuleni ilianza kushika unyevu, na mzee aliigeuza geuza kila asubuhi, mpaka ikawa mawe.

Tulimshauri tumbebe mama kwa machela. Vijana wanne wenye nguvu walikubali. Dorosela mwenyewe ndiye aliyekataa. "Wote niliowaona wakipandishwa kilima kile mabegani mwa watu, hakuna aliyeteremka kwa miguu yake," alisema. "Mimi nitafika kwangu nimekaa." Mumewe hakubishana naye. Mtu na hofu yake, na vijana wenyewe, tuseme kweli, walikuwa hawawezi kupanda pale hata mikono mitupu bila kuanguka.

Krismasi ikapita. Januari ikapita. Kwenye simu Dorosela aliacha kuuliza lini. Lightness akaniambia mama anakula vijiko vitatu anasukuma sahani, na mazoezi hataki tena. Nikawa naona aibu kupita mbele ya nyumba ya Kasimiri. Nilizunguka kwa chini, mimi mtu mzima, nikimkwepa jirani yangu kwa sababu ya neno moja nililolinyamazia.

Mwishoni mwa Februari Dorosela aliomba kitu kingine. Hakuomba kupanda. Aliomba aletwe chini ya kilima tu, aione nyumba. Wakaja Jumanne moja, asubuhi ya ukungu, mama amelala kiti cha nyuma na mito, kichwa kwenye mapaja ya Lightness. Gari likasimama pale mpando unapoanzia. Tulimsalimia kwa dirishani, kamwene, kamwene, na mkono alionipa ulikuwa mwepesi mno. Kasimiri alisimama dirishani, kofia mkononi. Waliulizana habari kama watu waliokutana sokoni. Mahindi? Yanabeba. Kuku? Wapo. Kisha mama akainuliwa kidogo, akatazama juu.

"Mbona imefungwa?" alisema. "Inaonekana kama nyumba ya marehemu. Baba Lightness, panda ufungue."

Kasimiri akapanda. Alikwenda kwa magoti na mikono, akishika majani ya pembeni, akaanguka mara mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka. Akafungua mlango. Akafungua dirisha la sebule, kisha la chumbani kwao. Kisha akazunguka nyuma, hatukumwona tena.

Wingu likashuka kutoka upande wa Ludewa. Dionis alitazama juu, akatazama barabara. "Mvua ikitukuta hapa, hata kurudi hatutarudi," alisema. Lightness akasema tumngoje baba kidogo. Tukangoja. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la gari, makubwa.

"Twende," Dorosela alisema.

Nilitaka kumwita mzee. Mama akanishika mkono. "Usimwite, mwalimu. Atakuja anakimbia, ataanguka." Gari likageuka taratibu, likaondoka, na kabla mvua haijachanganya lilikuwa limeshapita kanisa.

Nilibaki peke yangu pale chini. Muda si mrefu moshi ukaanza kutoka jikoni, mweupe, mwingi, wa kuni mbichi, na Kasimiri akatokea mlangoni anajifuta macho. Alikuwa amewasha moto ili nyumba ionekane ina mtu. Alitazama barabara, akanitazama mimi.

"Ameuona moshi?" aliuliza kwa sauti kutoka juu.

Nikamjibu ameuona.